Siku Moja Maishani Mwangu: Manukuu ya Kiswahili, Msimu wa Pili wa The Umbrella Academy

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya neno lolote, kasi ya fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Video iliyopo ni ya fremu 23.976 kwa sekunde. Ukitengeneza manukuu ya kasi hiyo halafu mtu akayabandika kwenye nakala ya fremu 25, mwanzoni hataona kasoro. Dakika ya tano maneno yatachelewa sekunde 12 hivi, na kufika dakika ya 45 yatakuwa nyuma kwa dakika moja na sekunde 51 hivi. Wengi wakiona hivyo husogeza faili lote mbele kwa sekunde kadhaa, wakalala wakijua wamemaliza. Hawajamaliza. Kosa linalokua kadiri filamu inavyosonga haliponi kwa kusogeza, linataka kubadilishwa kasi. Kwenye Subtitle Edit, programu ya kutengeneza manukuu, ni mibofyo michache tu.

Kazi ya leo ni sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, ule wenye sehemu 10 uliotoka Netflix tarehe 31 Julai 2020. Ni sampuli ya darasa la manukuu, haitoki nje ya darasa. Tumeichagua kwa sababu wanafunzi wote hudhani kwamba kwenye tamthilia ya mashujaa kinachosumbua ni kuruka ndani ya wakati na bastola za ajabu. Kumbe kinachosumbua ni “baba” na “kaka”.

Saa 2:15

Kutazama mwanzo hadi mwisho, mikono nje ya kibodi. Ndugu wa familia ya Hargreeves wanadondoka mmoja mmoja kwenye kichochoro kimoja cha Dallas, Texas, lakini kila mtu mwaka wake: Klaus 1960 (akiwa na Ben, ambaye ni marehemu), Allison 1961, Luther 1962, Diego na Vanya 1963. Five anatua wa mwisho, 25 Novemba 1963, anakuta vita na Wasovieti mtaani. Anarudishwa nyuma siku kumi. Picha zenyewe zilipigwa Ontario, Kanada, si Texas, lakini hilo halimhusu mwandika manukuu mpaka atakapokutana na kibao.

Saa 3:00

Orodha ya maneno. Inatengenezwa kwa msimu mzima, si kwa sehemu moja, maana neno ulilochagua leo litakukaba sehemu ya sita.

Ndugu hawa walizaliwa siku moja, 1 Oktoba 1989, kwa mama tofauti, na baba aliyewalea akawapa namba badala ya majina. Namba si za kuzaliwa. Kwa hiyo “kaka mkubwa” kwa Luther, eti kwa sababu ni Namba Moja, ni kosa. Na “mdogo wangu” halipo kabisa. Limebaki “kaka”, “dada” na “ndugu”. Mimi hupendelea “ndugu” popote nafasi inaporuhusu. Msimu wa pili mhusika anaitwa Vanya. Msimu wa tatu, uliotoka 2022 baada ya mwigizaji Elliot Page kutangaza kwamba ni mwanamume, mhusika huyo ni Viktor. Kiswahili hapa kina ahueni, “yeye” na “a-” havichagui jinsia. “Dada” huchagua, na ukilimwaga kila mstari wa msimu wa pili bila sababu, utajikuta unatengua mambo msimu unaofuata.

Five hana jina lingine. Kumwita “Tano” kunavutia, maana sisi wenyewe tuna akina Mosi, Pili na Tatu. Lakini sikio la mtazamaji linasikia “Five” kila mara, na jicho likisoma kingine anasita. Tunaacha Five kama jina, na “Namba Tano” pale baba yao anapomwita kwa namba.

Umri wake ni balaa lingine. Mwili wa mtoto wa miaka 13, akili ya mzee wa 58. Wapita njia wa Dallas wanamwona mtoto, basi “dogo” inatosha. Shikamoo hapewi wala hatoi. Yeye akiwasema nduguze, “nyie watoto” inakaa vizuri. Ukibanwa na nafasi, “wanangu” inafanya kazi mbili: kijiweni ni washikaji, kinywani mwa mzee ni watoto wake.

Kubwa kuliko yote ni Reginald, yule baba aliyewalea. Mwaka 1963 hajawalea bado, wala hajui wao ni nani. Wanapomwita baba, mshtuko wote wa onyesho umo ndani ya neno hilo moja. Andika “Baba” uone: mshtuko umekufa. Kwetu mwanamume yeyote wa makamo barabarani ni baba, kondakta anamwita hivyo, muuza nyanya anamwita hivyo. Reginald wa Kiswahili angeitika tu na kuuliza anaweza kuwasaidia nini. Tulijaribu “baba yetu”, ikawa sala. “Dingi” inafaa wakimsema nyuma ya mgongo wake, hasa Diego, lakini haisemwi mbele ya mtu kama yule. Imebaki “Dedi”. Inanuka jumba kubwa na malezi ya yaya, na hakuna anayemwita hivyo mtu asiyemjua. Sehemu ya sita, kwenye chakula cha jioni, ndipo utashukuru uliamua mapema.

Mengine yanakwenda haraka. Mwisho wa dunia: “mwisho wa dunia” ina herufi 15 (nafasi na nukta nazo huhesabiwa), “kiama” 5. Five akieleza kwa mara ya kwanza anapewa ndefu, baada ya hapo ni kiama tu. Ben ni “mzuka”, si “mzimu”, kwa sababu mizimu hutambikiwa na huyu anabishana na Klaus kutwa. Baadaye anapoingia mwilini mwa Klaus, lugha ina neno lake tayari: amempanda. Hapo Kiingereza ndicho maskini.

Saa 5:30

Kupanga nyakati. Viwango vinavyotumika sana: mistari miwili, isizidi herufi 42 kila mmoja, nukuu isikae chini ya fremu 20 wala zaidi ya sekunde 7, baina ya nukuu na nukuu fremu 2, kasi ya kusoma herufi 17 kwa sekunde. Nukuu inayoishia fremu chache baada ya picha kukatwa huonekana kama imepepesa, basi irudishwe iishe fremu 2 kabla ya mkato. Hiyo ndiyo kazi ya kuchosha. Saa mbili nzima, mchoro wa sauti na mishale.

Saa 7:30 mchana

Chakula. Hifadhi faili kwanza, umeme hauulizi.

Saa 8:10

Mstari wa Allison. Nguvu yake ni kusema amesikia uvumi, na uvumi unakuwa kweli. Fungu hilo likibadilika hata mara moja, mtazamaji hatajua kwamba ni ile ile nguvu.

Chukua mfano wa darasani, sentensi iliyotamkwa kwa sekunde 1.25. Kwa kasi ya 17 una herufi 21. “Nimesikia uvumi kwamba umelala.” ni 31, imekufa. “Nasikia eti umelala.” ni 20, inaingia, ila “eti” inaleta dhihaka na inaua neno “uvumi”. “Nasikia uvumi umelala.” ni 22. Moja inazidi. Hapo huchezei maneno tena, unavuta mwisho wa nukuu kwa fremu 2, unapata sekunde 1.33, na herufi 22 zinakaa.

Tazama pia kitenzi. Kiingereza chake mara nyingi ni cha wakati uliopita, na mwanafunzi mwepesi ataandika “ulilala”. Hiyo ni habari ya jana. “Umelala” ni hali iliyokwisha kuingia na bado ipo: kauli imetoka, mtu yuko chini. Kiambishi -me- kimekaa kama kilitengenezwa kwa ajili yake.

Sasa lile onyesho la vita mwanzoni, anapowaambia askari uvumi wake na vichwa vinalipuka kweli. Asili ni mchezo wa maneno. “Nimewapasua vichwa” inaushika, maana kwetu hata hesabu ngumu hupasua kichwa. Lakini usiiandike kwa pumzi moja, jicho litamaliza kusoma kabla yeye hajamaliza kusema, na vichwa vitapasuka kwenye maandishi kwanza. Gawa: “Nasikia uvumi...” ikae peke yake, halafu “...nimewapasua vichwa.” iingie na sauti, si fremu tatu kabla.

Saa 9:40

Maandishi ya ndani ya picha: tarehe, magazeti, vibao. Yanaandikwa kwa herufi kubwa na hayaachwi kwa kisingizio kwamba “wataelewa”. Dallas ya 1961 ni ya ubaguzi, na Allison anaingia kwenye mkahawa usioruhusu weusi. Kibao kinakuwa WAZUNGU TU. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo.

Saa ndizo huangusha wengi. Kennedy alipigwa risasi Dallas 22 Novemba 1963, saa 12:30 mchana kwa hesabu yao. Mazungumzo yanaandikwa “saa sita na nusu”, kwa maneno. Ukiandika 6:30 kwa tarakimu huku saa ya ukutani inaonyesha 12:30, umemkorofisha mtazamaji bure.

Saa 11:00 jioni

Ukaguzi, na anafanya mtu mwingine. Macho yaliyoandika hayaoni. Anachotafuta kwanza ni mikato ya mistari. Mfano: “Hatukuja hapa kuizuia siku ya kifo cha Rais.” Herufi 43 pamoja na nukta, lazima ivunjwe. Programu ikiachiwa ivunje yenyewe huweza kuacha “ya” ikining’inia mwisho wa mstari wa juu. Ishuke na jina lake: “Hatukuja hapa kuizuia siku”, chini “ya kifo cha Rais.”

Halafu ng’. Herufi zetu zote ni salama kwenye usimbaji wowote (namna kompyuta inavyohifadhi herufi), isipokuwa kikato hicho. Kikiwa kimepinda na faili likasomwa kwa usimbaji wa zamani, “ng’ambo” inatokea na takataka ya alama tatu katikati. Weka kikato kilichonyooka, hifadhi kwa UTF-8. Na kwenye SRT, aina ya faili la manukuu, sekunde na sehemu zake hutenganishwa kwa mkato, 00:03:12,480. Ukiweka nukta, baadhi ya vichezeo vitaikataa nukuu hiyo kimyakimya.

Saa 12:15

Faili linachezwa kwenye runinga, mita tatu kutoka kwenye kochi, kisha kwenye simu. Leo mkaguzi amerudisha nukuu nne. Tatu ni za kasi. Ya nne ni “kaka mkubwa”, dakika ya 20 na kitu, imeandikwa na mwenye orodha mwenyewe.