Nilivyoweza kuzitambua ioni tazamaji

Ioni ni chembe zenye chaji, na ioni tazamaji ni zile zilizomo kwenye mmumunyo lakini hazishiriki mmenyuko. Kilichonisaidia zaidi kuzitambua ni kubadili swali. Badala ya kuuliza ni ioni zipi zimekaa pembeni, nauliza kwanza: ni kigumu gani kitajitenga na maji? Nikishakijua hicho, zilizobaki hujitaja zenyewe.

Chukua nitrati ya risasi na iodidi ya potasiamu. Mimumunyo yote miwili haina rangi. Dondosha mmoja ndani ya mwingine, na papo hapo linatokea wingu la manjano iliyokolea, ambalo taratibu linatua chini ya neli. Hayo ni mashapo, yaani kigumu kilichojitenga, ya iodidi ya risasi (PbI₂). Sasa naandika kila kilichoyeyuka kama ioni zilizoachana, lakini kigumu, chenye alama (s), sikivunji kamwe:

Pb²⁺ + 2NO₃⁻ + 2K⁺ + 2I⁻ → PbI₂(s) + 2K⁺ + 2NO₃⁻

K⁺ na NO₃⁻ zimeingia na kutoka vilevile, bila kubadilika chaji wala hali. Nazifuta pande zote mbili, inabaki Pb²⁺ + 2I⁻ → PbI₂(s). Kisha nahakikisha chaji zinalingana: sifuri kushoto, sifuri kulia. Na ioni hizo hazijapotea. Ukichuja yale mashapo na kukausha maji yaliyopita, utapata fuwele nyeupe za nitrati ya potasiamu.

Kanuni za umumunyifu lazima uzijue, hapo hakuna njia ya mkato. Nilianza na chache: nitrati zote huyeyuka, na chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amoniamu pia. Ndiyo maana ioni hizi huwa tazamaji mara nyingi. Ila usikariri orodha ukaishia hapo. Cl⁻ ni tazamaji kloridi ya bari inapokutana na sulfati ya sodiamu, lakini mbele ya ioni ya fedha (Ag⁺) ndiyo inayojenga mashapo meupe ya kloridi ya fedha (AgCl).

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hidroksidi ya bari na asidi ya sulfuriki. Ba²⁺ inashikana na SO₄²⁻ kuwa kigumu, H⁺ na OH⁻ zinakuwa maji. Hakuna tazamaji hata mmoja! Ukiunganisha balbu kwenye saketi inayopita ndani ya mmumunyo huo, inafifia kadiri unavyodondosha asidi, hadi inazimika kabisa, kwa kuwa karibu hakuna ioni iliyobaki ya kupitisha umeme. Zidisha asidi, inawaka tena.