Grom amerudia tena

Magharibi ya leo hapa Kibokoni, umeme umerudi tu, mpwa wangu akaiwasha gemu ya Warcraft III (ya 2002, mimi ndiye niliyemwambukiza).

Akafika pale msituni Ashenvale, Grom Hellscream, chifu wa maorki (majitu ya vita), anakunywa damu ya pepo Mannoroth mara ya pili.

"Mjomba, si alishaacha? Mbona anarudia?"

Nikamweleza ya nyuma. Maorki walikunywa ile damu kwao Draenor, wakawa na hasira isiyo na breki. Waliposhindwa vita wakafungiwa makambini, na nguvu za ile damu zikawaishia. Mashujaa wazima wakawa wa kukaa tu, hata kupigana hawataki.

Kijana akaachia kipanya.

"Basi hiyo ni arosto. Kama Bro wa pale nje."

Nikakosa la kusema. Huyo Bro hukaa barazani tangu asubuhi, chai ya maziwa mkononi, haonji hadi inashika utando. Majirani wanasema ana jini, wengine wanasema mvivu. Mvivu! Huyu aliyekuwa akibeba magunia mawili mawili sokoni.

Mpwa hajaendelea na gemu. Anachungulia dirishani.

Nyie mnaocheza, mlimwonaje Grom? Na mtoto ningemjibu nini?