Kabla hujamuuliza mtunzaji wa programu huria "lini?"

Fungua faili la LICENSE la mradi wowote wa programu huria (ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya programu, uko wazi kwa wote) wenye leseni ya MIT, usome aya ile ya herufi kubwa. Programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Anayeandika "hitilafu hii ina miezi mitatu, mtairekebisha lini?" anadai asichouziwa.

Na madai ya namna hiyo hayaishii kwenye kuudhi. xz Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, ilitunzwa miaka mingi na mtu mmoja tu, Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2022 akaunti zisizofahamika zikaanza kumsakama: viraka (marekebisho ya msimbo) vinachelewa, mkabidhi mwingine mradi. Alijibu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea. Pembeni alikuwepo "Jia Tan", aliyekuwa akileta viraka tangu 2021. Akapewa mamlaka ya kutunza mradi. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri uliolenga sshd, programu inayopokea watu wanaoingia kwenye kompyuta kwa mbali kupitia ssh. Mhandisi wa programu Andres Freund aliunasa baada ya kuona kuingia kwa ssh kunachelewa takriban nusu sekunde. Wengi huamini wale walalamikaji walikuwa sehemu ya njama. Kinachonitisha ni kwamba hakuna aliyewashtukia, maana lugha yao ndiyo tuliyoizoea.

Ukikutana na hitilafu, tafuta kwanza kwenye ripoti zilizokwisha kufungwa. Mara nyingi jibu limelala huko. Taja toleo la programu na la mfumo wako. Punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache inayoleta kosa lile lile. Bandika ujumbe wa kosa kama maandishi, kwa sababu picha ya skrini haitafutiki. Kama toleo la zamani lilifanya kazi, endesha git bisect, amri inayogawa historia ya msimbo nusu kwa nusu kutafuta badiliko lililoleta kosa: mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama kumi tu kulipata, na hiyo ni kazi usiyomwachia mtu asiyelipwa. Usiandike "hata mimi pia". Kila anayefuatilia ripoti hupata arifa. Weka alama ya kidole gumba kwenye ripoti, basi.

Kuomba kipengele kipya ni suala jingine. Kukiandika ndiyo sehemu rahisi. Nani atakijaribu kwenye Windows, atakiandikia maelezo, na kukirekebisha miaka mitano ijayo wakati wewe umeshahama kazi? Kiraka kikubwa kilicholetwa bila mazungumzo hukataliwa kwa sababu hiyo, hata kikiwa kizuri.

Kampuni inayotegemea maktaba fulani (msimbo wa wengine unaotumika ndani ya programu yake) ifunge namba ya toleo kwenye lockfile, faili linaloorodhesha matoleo kamili yanayotumika, ihifadhi nakala yake, na ikitaka marekebisho kwa tarehe maalumu imlipe mtunzaji kwa mkataba au kupitia GitHub Sponsors, huduma ya kuwachangia fedha watunzaji. Akikataa, leseni inaruhusu kunakili mradi na kuuendeleza wenyewe.