Kopo moja la dagaa, dakika kumi na moja: siku moja ya kazi yangu Kigoma

Nafundisha vijana wenye shida ya umakini na kumbukumbu kuuza sokoni. Saa 1 asubuhi napanga meza. Kila kijana ana vikapu viwili: kushoto kazi, kulia zilizokwisha. Ratiba ni kadi nne za picha. Ukiweka ya tano, kuna anayeganda.

Saa 2 hadi 3 ni mazoezi ya umakini na kumbukumbu kwenye simu, wawili wawili. Wazazi wanayapenda sana haya, lakini siwafichi: kijana akishinda mchezo, ameshinda mchezo. Sokoni ni jambo jingine. Hata ile tiba ya kunoa umakini na kumbukumbu ya Pittsburgh, Marekani, iliyobuniwa na watafiti Hogarty na Flesher kwa wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) kisha ikajaribiwa kwa watu wazima wenye usonji, huchanganya kompyuta na vikundi vya kujifunza kuelewana na watu, miezi 18.

Saa 4, soko la Mwanga, kijana mmoja yuko kwenye meza ya dagaa. Hatua ni sita: sikiliza, rudia kwa sauti, pima, funga, pokea hela, rudisha chenji. Anakuja mama. "Makopo mawili." Kijana anarudia, anapima la kwanza. "Aa, basi moja tu, uniongeze kidogo." Kaganda.

Hapo mimi nahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusaidia. Mama hangoji: "Kwani hasikii? Nimesema moja! Punguza!" Kila anapobadilisha maneno, kijana anaanza kuchambua upya.

"Shikamoo mama. Tafadhali sema mara moja, kisha umngoje."

"Marahaba. Mwalimu, si unipimie wewe?"

Sipimi. Naonyesha kwa kidole kadi ya "mteja amebadilisha", bila kusema, maana akizoea sauti yangu atasubiri sauti yangu. Analiacha kopo la pili, anaongeza kiganja kimoja. Nyongeza tuliifanya hatua yenye kipimo. "Kidogo" si kipimo.

Noti ya 10,000 imechakaa, anaikagua. Usifundishe chenji kwa noti za karatasi za kuchora, atakuja kuzikataa zilizokunjamana. Anahesabu chenji, sahihi. Dakika kumi na moja. Mama anaondoka akiguna.

Baada ya hapo wateja, jua, honi za bodaboda. Saa sijaangalia tena. Mmoja kaziba masikio, tumekaa kivulini.

Jioni najaza daftari: hatua sita, msaada mara moja, kwa kidole. Wiki iliyopita ulikuwa wa mdomo, mara tatu. Kesho kadi ile naisogeza nyuma ya mizani.