Mita 140 Kando ya Mersey

Mwaka 2005 nilikuwa Liverpool, kazi yangu kutunza wazee. Mmoja wao alikuwa baharia wa meli za mafuta wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliposikia kwamba baba yangu naye ni baharia, akaanza kunichukulia kama mtoto wa mwenzake. Asubuhi moja ya jua akaomba nimpeleke Pier Head, ukingoni mwa mto Mersey.

“Sukuma kiti, mwanangu, mpaka nikwambie basi.”

Nikasukuma. Tukapita mabenchi, tukapita watoto na aiskrimu zao. “Basi! Sasa tazama tulikotoka.” Ulikuwa mwendo wa karibu mita 140, urefu wa sitaha ya meli yake. Upana haukuzidi mita 19. Hapo ndipo ndege zilipotua, katikati ya Atlantiki, meli ikipanda na kushuka, na chini yake matangi yamejaa mafuta.

Akanieleza kila kitu. Kulikuwa na eneo la bahari ambalo ndege za nchi kavu hazikulifikia, na huko nyambizi za Wajerumani zilivizia misafara ya meli. Manowari za kubeba ndege zilikuwa chache. Kuanzia 1943 Waingereza wakazitia sitaha za ndege meli 19 za biashara: 6 za nafaka na 13 za mafuta. Za mafuta hazikuwa na banda la ndege, maana tumbo lote ni matangi na mabomba. Swordfish tatu za kila meli, ndege za mabawa ya kitambaa, zilifungwa kwa kamba palepale juu, usiku na mchana, kwenye chumvi na theluji.

Na shehena ilibebwa vilevile! Nahodha alibaki wa meli ya biashara. Wanajeshi wa ndege ndio waliotia saini mkataba wa mabaharia. Wengine walifuta jina la jeshi la maji ubavuni mwa ndege, wakaandika la mabaharia wa biashara. Heshima hiyo mabaharia waliistahili, na nasikitika kwamba watu wachache wanaijua.

Nikamuuliza kama hakuogopa kulala juu ya mafuta.

“Nilikuwa nimeshavuka bila ndege,” akasema. “Niliona meli ya mafuta ikiungua, na bahari yenyewe inaungua. Baadaye, nikisikia injini ya Swordfish alfajiri, niliweza kula.”

Usiku nikampigia baba Tanga, nikamsimulia. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kama sitaha imefunika meli yote, moshi wa injini ulitokea wapi?”

Kesho yake nikamfikishia mzee swali hilo. Akafurahi mno, akadai karatasi na kalamu, akachora bomba likipita chini ya sitaha.

“Mwambie ulitokea ubavuni,” akasema. “Na mwambie hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.”