Sayansi ya likizo kwa vijana wa sheria na fasihi: nati na uzi vilinitosha

Nilipokabidhiwa kozi fupi ya sayansi ya likizo ndefu hapa Dar, kwa wanachuo wa sheria, fasihi na uhasibu, kila mtu alinipa ushauri uleule: wasimulie habari za wanasayansi, waoneshe video, hesabu usiguse, watakimbia. Upuuzi mtupu. Hesabu ndiyo iliyowabakiza darasani.

Vifaa: nati nzito kutoka Gerezani, uzi wa pamba (nailoni hunyumbuka), rula ya mita na saa ya simu. Kwa kundi moja, gharama haifiki sahani ya pilau.

Kazi ni kupima mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kitu kinachoanguka huongeza mwendo kwa kiasi gani kila sekunde. Nati iliyoning'inia kwa mita moja huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Zidisha urefu kwa 39.5, kisha gawanya kwa muda huo uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa Dar utapata kama 9.78 (mita kwa sekunde, kila sekunde). Namba hiyo usiitaje mapema! Ukiitaja, kila kundi litaipata, hata lile ambalo halijafunga uzi.

Utamu uko kwenye jibu la 12. Mawakili wetu watarajiwa waliileta wakiwa na uhakika wote, na niliwaacha nayo. Wakalaumu uzi, wakalaumu simu, mmoja akatetea kwamba Dar iko karibu zaidi na kitovu cha dunia. Kumbe ni kinyume: dunia imetuna kwenye ikweta, hivyo sisi tuko mbali zaidi na kitovu kuliko watu wa kwenye ncha, ambako namba hufika 9.83. Mwisho msichana wa fasihi akamwambia mhesabuji arudie polepole. Kumbe mhesabuji alikuwa anaachia nati huku akisema "moja". Akifika "kumi", nati imerudi mara tisa tu. Saa inasoma 18 badala ya 20, naye anagawanya kwa kumi. Ukianza na "sifuri", ugomvi umekwisha. Ningewaeleza kosa hilo ubaoni, wangelisahau kabla ya kufika kituo cha daladala.

Pangaboi lizimwe, joto mtavumilia. Urefu upimwe hadi katikati ya nati, si kwenye fundo: sentimita 1.5 ukizisahau, jibu linashuka hadi 9.64. Hesabuni mizunguko 20 (kwenda na kurudi ni mmoja), kwa sababu kidole huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwa mzunguko mmoja hilo linatosha kuharibu jibu kwa asilimia 20. Nati isivutwe zaidi ya pembe ya nyuzi 10 kutoka wima. Wahasibu hupenda kuivuta sana ili "ionekane vizuri". Wakifika nyuzi 30, jibu hupungua kwa asilimia 3 na ushee.

Kwa kemia, ili rangi ioneshe asidi na besi, nilitumia rozela iliyokaushwa, ikachemshwa na kuchujwa. Wengi huikoleza kama ya kunywa, halafu wakikamulia limau hawaoni badiliko. Rozela yenyewe ina asidi kama limau, ndiyo maana tayari ni nyekundu. Izimue kwa maji mpaka uone upande wa pili wa glasi, tia baking soda chembe kwa chembe mpaka iache wekundu, ndipo ukamue limau: wekundu unarudi papo hapo. Tumieni glasi za kioo. Vikombe vya plastiki vya rangi vinaficha kila kitu.