Siku yangu moja katika kambi ya jeshi ya Catterick, Uingereza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Januari huku Yorkshire ya Kaskazini jua halichomozi mpaka saa mbili na ushei. Nakunywa uji wa wimbi, unga ni wa kutumiwa kutoka nyumbani, kisha koti juu ya koti.

Saa moja na nusu. Langoni. Wiki yangu ya kwanza nilimsalimia mlinzi, nikamuuliza na hali ya watoto. Magari nyuma yakanipigia honi. Siku hizi nanyoosha kadi tu.

Saa mbili na nusu. Kikao cha timu: wauguzi wenye sare, wanasaikolojia raia, na mimi, daktari wa magonjwa ya akili. Mitihani ya PLAB ya kuniruhusu kutibu Uingereza niliifaulu, lakini hakuna aliyenitahini madaraja ya afya ya jeshi. P2, askari yuko fiti kwa kila kazi. P7, ana mipaka. P8, jeshi basi tena. Kenya wagonjwa wangu waliogopa majirani watawaita wendawazimu. Hawa wanaogopa kalamu yangu.

Saa nne. Koplo anaingia, anasimama wima hadi nimwambie keti. Mimi raia, begani sina hata kijiuzi! (Nimechanganya visa vya watu watatu, asitambulike mtu.)

"Jambo, Daktari!" Kiswahili cha Nanyuki, Kenya, alipofanyia mazoezi ya kijeshi.

Kabla ya kuketi anageuza kiti kitazame mlango. Usingizi? Mzuri. Nyumbani? Salama. Huku kucha zake zinachuna kikombe cha karatasi, vipande vinamdondokea mapajani. Nanyamaza. Kikombe kilipobaki kitako ndipo akasema: miezi miwili analala garini, asije akampiga mkewe usingizini.

"Utaandika nini?"

Namweleza: mkuu wake ataambiwa asichoweza kufanya kwa sasa, siyo tuliyozungumza humu.

"Na bunduki?"

"Kwa sasa, hapana."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Sikulipoza kwa maneno matamu.

Saa saba. Wali wa jana, mbele ya kompyuta. Mchana wote ripoti.

Saa kumi na moja jioni. Giza tena. Nafagia vipande vya kikombe. Koplo atarudi Alhamisi. Kiti nakiacha kinatazama mlango.